Umeniuliza tunachekaje

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Umeniuliza mimi na mume wangu tunapata wapi moyo wa kucheka ilhali tunatafuta mtoto na kila mwezi unatuacha mikono mitupu. Swali lako halikuniudhi hata kidogo. Nataka nikujibu kwa kirefu, maana najua hukuuliza kwa ajili yetu tu.

Hatukuanza kwa kucheka. Tulianza kwa kunyamaza. Yeye alinihurumia akaogopa kusema. Mimi nikaona anavyokwepa macho yangu, nikadhani ananilaumu. Kitanda kimoja, na kila mtu na mawazo yake. Halafu ikaja ile siku ya wageni. Nilikuwa nimeweka alamu kwenye simu kwa ajili ya siku za kushika mimba, ikalia sebuleni wageni wakiwa wamekaa. Mume wangu akaichukua simu, akaitazama, akasimama kwa heshima zote: "Mtuwie radhi, tuna kikao cha dharura." Wageni wakaaga. Tulipofunga mlango tulicheka mpaka tukakaa chini sakafuni, na nilipomaliza kucheka nikalia, naye akalia. Usiku ule tulisema yote tuliyokuwa tumeyaficha.

Tangu hapo tuna lugha yetu. Ataniuliza kama akidi imetimia. Nikichoka namwambia mwenyekiti ana udhuru. Watu wakiuliza "mtoto lini?", yeye hujibu, "Tumemtumia ujumbe, bado hajajibu," na mazungumzo huhamia kwingine bila mtu kuumia.

Alamu yenyewe tuliifuta, kwa ushauri wa daktari. Alituambia yai likishatoka halimalizi saa 24, lakini mbegu za mwanamume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano. Kwa hiyo kukutana kila baada ya siku mbili au tatu kunatosha, hakuna haja ya kukimbizana na saa. Hujui nilivyopumua! Kalenda ilikuwa imetugeuza wafanyakazi wa zamu.

Ila jambo kubwa ambalo kicheko kimetufanyia ni kipimo cha mbegu cha mume wangu. Nisikilize vizuri hapa, maana umeniandikia vipimo vyako vyote, vya damu, vya mirija ya uzazi, vya homoni, na cha shemeji sijaona hata kimoja. Mume wangu naye alikataa mwanzoni. Hakusema hapana, alikuwa tu na shughuli kila wiki. Nilijua ni woga, na kumsukuma kungemfunga zaidi. Siku moja nikamwambia, "Kikao hiki kimejadili taarifa ya upande mmoja tu, wajumbe wanalalamika." Akacheka, akakaa kimya kidogo, akasema, "Basi tafuta siku."

Ilimbidi akae siku kadhaa bila tendo (kwa kawaida husema kati ya mbili na saba), kisha alete kikombe chenye mbegu maabara ndani ya saa moja, kisipate baridi. Alikibeba ndani ya shati, akitembea kama aliyekumbatia yai. Majibu yakaja: mbegu chache. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja milioni 16 kwa kila mililita kama kiwango cha chini, na zake hazikufika hapo. Aliisoma karatasi muda mrefu, kisha akasema, "Mamilioni yote haya, na hakuna hata mmoja anayejua njia?" Nilimshika mkono tu. Kilikuwa kicheko na kilikuwa kilio, na nilimpenda sana dakika ile.

Daktari alimweleza kwamba kiwango hicho si ukuta. Kati ya wanaume 100 ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, watano walikuwa chini yake. Akamwambia aache sigara, akarudie kipimo baadaye, kwa sababu mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa na mabadiliko ya leo hayaonekani kesho.

Nisikudanganye kwamba tunacheka kila mahali. Siku ya picha ya mirija, dawa ilipoingia na tumbo likanikaza, nilimwambia asinitanie. Alinishikia mkoba, hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. Na siku hedhi inapoanza hakuna utani mpaka mimi nianze. Huo ndio utaratibu wetu: anayeumia zaidi ndiye anayefungua mlango. Watu wa nje hawana ruhusa kabisa. Yule ndugu yako anayekutania mbele za watu, mwambie akome, wala usione haya.

Sasa shemeji. Mwanamume huwa na sehemu yake katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, ama peke yake ama pamoja na mke. Kwa kipimo chake hakatwi popote, hachomwi sindano, na kinaweza kukuepusha na mengi unayopangiwa wewe. Uliwahi kuniambia anajenga mwili. Kama anachoma testosteroni, yaani homoni ya kiume, amwambie daktari waziwazi, kwa sababu homoni hiyo ikiingizwa kutoka nje, korodani hupunguza kutengeneza mbegu, wakati mwingine huacha kabisa. Asiache wala asiongeze kitu kwa kubahatisha.

Najua unajiona uko peke yako kwenye jambo hili. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita duniani hulipitia wakati fulani maishani. Tuko wengi, ni vile tu kila mmoja amefunga mlango wake.

Usimpe shemeji barua hii akiwa amechoka. Mwambie mume wangu anamsubiri waongee, wao wawili tu, na ameahidi kutotaja kikombe mpaka shemeji akitaje mwenyewe. Ukipata tarehe ya kipimo niandikie siku hiyohiyo, hata kama ni mstari mmoja.

Akupendaye,
Rafiki yako