Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Vishikwambi Vifunguliwe, Vitengewe Fedha

Mheshimiwa Waziri,
Jumba la Jogoo, Nairobi.

Kwa heshima nakuandikia nikiwa mzazi wa shule ya umma huku Kilifi. Ombi langu ni moja: kabla Wizara haijanunua kishikwambi (tableti) kingine chochote cha shule, vilivyopo vitolewe stoo vitumike, na vipewe fedha za matunzo.

Mwaka wa 2013 tuliahidiwa vipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Baada ya mvutano wa zabuni tukapata vishikwambi, vilivyotolewa na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) pamoja na washirika wao wa kigeni. Kuanzia 2016, zaidi ya vifaa milioni moja vilisambazwa katika shule za msingi za umma, na shule nyingi ziliwekewa stima kwa ajili ya mpango huo. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na silibezi.

Lakini betri huchoka, chaja hukatika, vioo hupasuka. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka, na humo ndimo shule inamotafuta chaki, karatasi, ukarabati wa madarasa na bili ya stima. Mwalimu mkuu atengeneze kishikwambi kwa pesa ipi? Tena kikiibwa, yeye ndiye wa kuandika maelezo. Basi anavifungia stoo, nyuma ya mlango wa chuma, nami simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, watoto wetu walikaa nyumbani bila kitu cha kusomea, na vishikwambi vikabaki kabatini. Huku kwetu hatukusikia mwongozo wowote uliomruhusu mwalimu kumwazima mzazi hata kimoja.

Wale waliokuwa darasa la kwanza 2017 wameingia Gredi ya 10 Januari 2026. Walivuka sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9), ambako kompyuta imeunganishwa na masomo ya awali ya kiufundi, na wapo waliofundishwa kibodi kwa mchoro wa ubaoni ilhali vifaa vimo katika ua uo huo, vimeandikiwa watoto wa madarasa ya chini.

Mheshimiwa, hili halihitaji zabuni mpya. Toa waraka unaoruhusu vifaa vitumiwe na gredi yoyote iliyomo shuleni, na mzazi aazimwe kwa sahihi. Tenga fungu la matengenezo ndani ya mgao, litajwe kwa jina, lisiweze kuhamishiwa kazi nyingine. Mpe mwalimu mkuu kinga kifaa kinapoharibika kwa matumizi ya kawaida. Kisha amuru hesabu ya vinavyowaka na visivyowaka, kaunti kwa kaunti, na itangazwe kabla ya bajeti ijayo kusomwa Bungeni.

Wako mwaminifu,
Mzazi, Kilifi