Mtazameni na mwalimu: barua kwa vijana mnaotafiti nasari za Amu

Kwa wanangu wa kikundi cha utafiti, nyinyi mnaozunguka nasari za Langoni, Mkomani na Shela na madaftari yenu,

Asalaam alaykum. Habari yenu niliipata kabla hamjabisha hodi. Amu, au Lamu kama waitavyo wengine, ni mji mdogo, na punda aliyewabebea meza ni wa jirani yangu. Nimeambiwa mwataka kujua kama shule inayomfuata mtoto, ikamwacha ajichagulie kazi badala ya kumburuta, yafaa hapa kwetu, kisha mfungue ya kwenu. Nimefundisha nasari miaka 31, na nia yenu imenifurahisha. Lakini mwenzenu mmoja aliniacha na nakala ya hojaji, nikavaa miwani nikaisoma yote. Ina maswali 42. Ya mtoto ni 38, ya mzazi matatu. La mwalimu ni moja tu, nalo lauliza ana cheti gani.

Hilo ndilo lililonifanya niandike.

Kila anayezungumza habari hizi huanza na Maria Montessori, daktari wa Kitaliano aliyefungua nyumba yake ya watoto mtaa wa San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907. Wenye majumba walikuwa wameyakarabati, na wazazi wakienda kazini watoto walibaki wakichafua kuta. Wakatafuta mtu wa kuwaangalia. Watu husimulia jinsi watoto wale wa kimaskini walivyotulia na kushika kazi wenyewe. Husahau kwamba daktari alikuwa na shughuli zake kwingine. Aliyeshinda nao kutwa alikuwa mwanamke aliyeishi palepale jengoni, asiyesomea ualimu. Daktari twamjua jina dunia nzima. Yule mwanamke, ulizeni ni wangapi wanaomjua.

Nitawapa kisa kimoja cha darasani kwangu, maana najua hamtaamini hoja tupu. Alikuwepo mtoto wa nahodha, miaka minne na nusu. Kona ya vitabu haitaki, ya rangi haitaki, nyimbo hataki. Siku moja akaokota kipande cha kamba, akaketi chini ya dirisha ajaribu fundo alilomwona babake akilifunga. Likafunguka. Akarudia, likafunguka. Mikono yangu ilikuwa ikiwasha kumwonyesha. Nikaificha ndani ya leso. Nilihesabu mara 14. Ya 15 likashika. Akalivuta kwa meno kuhakikisha, wala hakunitazama. Akaja akaifunga kamba ile kwenye mguu wa kiti changu, na muhula ukaisha ingali pale. Wiki iliyofuata aliingia kona ya vitabu kwa miguu yake, kwa sababu kitabu kimoja kilikuwa na picha ya jahazi, na alitaka kuona wameifunga vipi foromali, ule mti unaoshika tanga.

Sasa nipimieni kazi niliyoifanya asubuhi ile. Apitaye dirishani ataona mwanamke amekaa. Mama mmoja alipita kweli, akasimama na kapu lake la samaki, akaniuliza: "Bi, watoto wasomeshwa humu, au mwawachunga tu?" Na wakati huo watoto wengine 33 walikuwa na mwenzangu mmoja, yuwakimbia huku na huku kama kuku mwenye vifaranga. Kumwacha mtoto mmoja ajitafutie kulikuwa na gharama, na aliyeilipa ni yule mwenzangu.

Mwajua utafiti wa Perry, wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani, ulioanza mwaka 1962. Watoto 123 wa familia maskini, 58 wakaingizwa nasari na 65 hawakuingizwa, wakafuatwa mpaka wakawa watu wa miaka 40. Waliopitia nasari walipata kipato kizuri zaidi, na waliokamatwa na polisi walikuwa wachache kuliko wenzao. Matokeo hayo hutajwa katika kila hotuba ya kuomba fedha za chekechea. Yasiyotajwa ni haya: mwalimu mmoja alikuwa na watoto kama sita, walimu walikuwa na shahada, na kila wiki walikwenda nyumbani kwa mtoto wakaketi na mama yake saa moja na nusu. Mkichukua kona na vifaa vya kuchezea mkaacha hayo, mmechukua ganda la dafu.

Wala si lazima mvuke bahari. Hapa Pwani, miaka ya 1980, wazee wa Kiislamu waliomba msaada, na Wakfu wa Aga Khan ukaanzisha Mombasa mpango wa nasari za madrasa: dini, lugha ya nyumbani, na kucheza kwa vifuu na mchanga. Ulifika Zanzibar na Uganda pia. Mwaka 2008 watafiti Mwaura, Sylva na Malmberg walichapisha uchunguzi wao wa Kenya, Zanzibar na Uganda: waliokwenda nasari yoyote waliwapita waliobaki nyumbani, na wa nasari za madrasa waliwapita wa nasari nyingine. Usomeni. Lakini msomapo, mjue mpango ule ulikuwa na wakufunzi waliorudi madarasani kumsaidia mwalimu mwezi baada ya mwezi. Hakuna aliyepewa semina ya siku tatu na cheti kisha akaachwa.

Na mtakapolinganisha watoto, angalieni mnalinganisha nini. Angeline Lillard na Nicole Else-Quest, watafiti wa Marekani, walipoichunguza shule ya Montessori ya Milwaukee mwaka 2006, walichukua watoto walioshinda kura ya kuingia na walioikosa. Wazazi wote walikuwa wameitaka shule ile. Kilichowatenga ni kura. Nyinyi mkichukua watoto wa shule ya ada Shela mkawaweka kando ya wa nasari ya kaunti, mtakuwa mmepima mifuko ya baba zao.

Lugha nayo. Nilikuwepo siku kijana mmoja alipomwonyesha binti picha ya uso, akamuuliza haya ni nini. Binti akajibu "mato". Kijana akatia alama ya kosa, kwa kuwa kwenye karatasi yake jibu lilikuwa "macho". Mtoto wa Kiamu amesema sawasawa na amefelishwa. Sitasema zaidi hapo.

Nina deni la kukiri pia. Mwaka mmoja walikuja wageni watatu wa chuo nisichokitaja. Habari nilizipata usiku, asubuhi nikaficha vifuu na visoda, nikawapanga watoto safu, tukaimba alfabeti mpaka sauti zikakauka. Nilidhani ndiyo shule waliyotaka kuiona. Wakapiga picha, wakaondoka na boti ya mchana. Baadaye nikasikia walikuja kutazama jinsi watoto wanavyojichagulia kazi! Wao hawakuniuliza, mimi sikuwaambia. Ripoti yao, kama iliandikwa, ina uongo wangu ndani yake, na hadi leo sijaletewa nakala niusahihishe. Kwa hiyo kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, mnacho, vyema, lakini kibali hakimfanyi mwalimu aseme kweli. Siku nyingi ndizo humfanya aseme.

Wapo watakaowaambia kumfuata mtoto ni mambo ya Wazungu. Waulizeni walisoma chuo gani cha Kurani. Mimi nilisoma kwa maalim aliyetupokea kwenye alif akatufikisha hitima, kila mtoto na ubao wake na mahali pake, aliyetangulia akimsomesha aliyechelewa. Shule za Steiner, zilizoanza Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919, nazo humwacha mwalimu na darasa lilelile miaka mingi, na watu huliona jambo jipya. Sisemi chuo kilikuwa pepo. Bakora ilikuwepo, na goti langu la kushoto lakumbuka. Serikali iliiondoa shuleni mwaka 2001, na bado wapo wanaoilaumu serikali kwa hilo.

Basi ombi langu. Ongezeni maswali ya mwalimu. Vifuu alivipiga msasa nani ili visimkate mtoto, na usiku wa saa ngapi? Maelezo ya kila mtoto aliyaandika kwa mafuta ya taa ya nani? Analipwa nini, na mwezi uliopita alilipwa? Wa kaunti na wa binafsi waulizeni mbalimbali, kwa sababu hawali chungu kimoja. Muulizeni mara ya mwisho alifunzwa na nani, na kama mfunzaji alirudi. Walioacha kazi watafuteni pia. Wawili wauza mahamri karibu na Mkunguni na watawaambia mengi kuliko mimi. Nasari mbili nilizozijua zilikufa na vifaa vyake vizima kabatini, kwa sababu mwalimu aliyejua kuvitumia aliolewa Malindi, na wa pili alipata kazi dukani yenye mshahara wa kueleweka.

Mkija kwangu msije saa mbili, watoto wameshaingia. Njooni saa kumi na mbili na nusu, wakati yule binti aliyenirithi darasa yuwachekecha mchanga wa kuchezea, maana usiku huingia paka. Ungo uko wa pili, nyuma ya mlango.

Mama yenu,
Bi Mwalimu wa Langoni