Kinyama cha titi: mbona tunauliza saa?

Ukileta kinyama cha titi, dirishani petu maabara utaulizwa mambo mawili: kimetolewa saa ngapi, na kimetiwa formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, saa ngapi. Wengi huona tunawasumbua.

Tunachokitafuta ni HER2, protini inayokaa kwenye ngozi ya seli, sehemu nje na sehemu ndani, na kupitisha amri ya kukua na kugawanyika. Seli ya kawaida inazo kiasi. Jeni yake, iliyoko kwenye kromosomu ya 17, ikijizidisha nakala, protini hubanana, hushikana mbili mbili na kutoa amri zenyewe. Seli haipumziki tena. Katika kila saratani 100 za titi, 15 hadi 20 hivi ni za namna hii. Ni kali, lakini dawa yake ipo: trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, huishika HER2 yenyewe. Jibu likikosewa, mgonjwa hukoseshwa dawa hiyo, au hupewa isiyomfaa na moyo wake ukaumia bure.

Kinyama kisichotiwa formalini huanza kuharibika, na HER2 iliyokuwepo inaweza isionekane. Kiingie formalini ya asilimia 10 yenye bafa (chumvi za kuzuia isiwe na asidi) ndani ya saa moja, formalini iwe mara kumi ya ukubwa wake, na kikae humo saa 6 hadi 72. Titi zima lipasuliwe slesi za milimita 5, la sivyo katikati hubaki bichi. Na wa Pemba wahesabu na safari: kilichotiwa dawa Chake Alhamisi mchana kikatufikia Jumatatu asubuhi, saa 72 zimeshapita.

Maji ya dripu hayahifadhi. Friza ndiyo mbaya zaidi, barafu huzipasua seli. Chupa ya shingo nyembamba nayo ni balaa: kinyama huingia laini, kikishakuwa kigumu hakitoki, ikabidi tukate chupa. Leta kopo la mdomo mpana, jina liandikwe kwenye kopo lenyewe, maana vifuniko hubadilishana.

Majibu: tunaitia HER2 rangi, kisha tunaipa alama kutoka 0 hadi 3+. 0 na 1+ ni hasi. 3+ ni chanya. Rangi ya kahawia huizunguka seli kama uzi wa wavu. 2+ bado si jibu, hapo hufuata FISH, kipimo kinachohesabu nakala za jeni. Hufanywa kwa kinyama kilekile kilichogandishwa kwenye nta, kwa hiyo mgonjwa hakatwi tena.