Mgeni rasmi avishwe viatu namba 4

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wako wa miaka mingi na sijawahi kukuandikia, hata siku ile mlipochapisha picha ya Mlima Meru mkaandika chini yake kwamba ni Kilimanjaro. Nilinyamaza. Safari hii nimeshindwa.

Bila shaka unaikumbuka habari yenu ya mahafali ya kidato cha nne katika shule moja ya wasichana ya masista huku kwetu Moshi, yenye picha ya keki ya ghorofa tano na ndafu aliyetiwa majani mdomoni. Mgeni rasmi aliwaambia mabinti kwamba wao wanahitimu katika nyakati ngumu, tofauti na mama zao na bibi zao waliosoma kwa raha, serikali ikilipa kila kitu. Mwandishi wenu akaipokea ilivyo, akaifanya kichwa cha habari. Hakuuliza bibi gani, mwaka gani, raha ipi.

Mimi ni bibi. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1984, kwa masista, hapa hapa mlimani. Serikali haikunilipia hata senti, maana shule ilikuwa ya kanisa na ada alilipa baba kwa kahawa. Vyama vya ushirika vilivunjwa 1976, kwa hiyo mzee alipeleka kahawa yake kwenye ghala la kijiji, akapewa malipo ya kwanza na kikaratasi, kisha akakaa kuyasubiri malipo ya pili kama mtu wa mlimani anayesubiri meli. Kidato cha tatu nilirudishwa nyumbani wiki tatu kwa sababu ya hiyo meli.

Kwa waliozaliwa juzi, akiwamo nadhani mwandishi wako: vita vya Kagera viliisha 1979 na hazina ikabaki tupu. Mpaka wa Kenya ulifungwa 1977, ukafunguliwa mwishoni mwa 1983. Katikati hapo, dawa ya meno, mafuta ya kupikia na sabuni vilikuwa vinatoka Taveta, ng'ambo ya mpaka, kwa njia za panya, usiku. Sukari ilikuwa ya kibali cha balozi wa nyumba kumi. Dukani watu walipanga matofali kwenye foleni toka alfajiri, tofali likakushikia nafasi nawe ukaenda kukata majani ya ng'ombe. Bwenini tulikula ugali wa yanga, ule wa njano wa msaada, mpaka leo mahindi ya njano nikiyaona tumbo linakumbuka.

Na sabuni. Mhariri, naomba nikae hapa kidogo. Shule ilikuwa na wasichana zaidi ya mia mbili. Mche mmoja wa sabuni Sista mlezi aliukata kwa uzi, vipande vya upana wa vidole viwili, kipande kimoja kwa kila msichana kwa mwezi, kwa kuoga na kufua. Mgeni rasmi wako hajawahi kuwa msichana wa miaka kumi na sita bwenini, kwa hiyo nimweleze: pedi hazikuwepo. Sista alichana mashuka makuukuu ya misheni akatugawia vitambaa, na vitambaa vile vilitakiwa vifuliwe, na kile kipande cha vidole viwili kilikuwa kimekwisha tangu tarehe 10. Tulifua kwa maji ya majivu. Tukaanika nyuma ya zizi la nguruwe, chini ya gunia, ili baba mpishi asione, na vilikauka vikawa vigumu kama gome la mti, ukitembea kutoka bwenini hadi darasani unajua umetembea. Hapo ndipo mtu mwenye kipaza sauti na chupa ya maji mbele yake anasimama miaka arobaini baadaye anasema raha. Mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, watu wenye mali za magendo waliziogopa wakazitupa. Asubuhi moja mto unaopita chini ya shule yetu uliamka na povu jeupe kutoka ukingo hadi ukingo. Mtu huko juu alikuwa amemwaga sabuni yake yote usiku. Hakuna aliyepiga kengele, hakuna aliyeomba ruhusa. Tulishuka bondeni na ndoo, na nguo, na vitambaa, wengine na gauni la kulalia, tukafua mpaka vidole vikakunjamana, na Sista mkuu alisimama juu ya ukingo akitutazama, hakusema neno. Kisha akavua shela yake akampa msichana mmoja aifue. Ndiyo raha ninayoikumbuka.

Aprili 1984 Waziri Mkuu Sokoine, aliyeuongoza msako ule, akafa kwa ajali ya gari pale Dakawa, Morogoro. Usiku ule tuliitwa kanisani, ilikuwa Kwaresima. Mwenzetu mmoja ambaye baba yake alikamatwa katika msako ule ule wa Sokoine alilia kuliko sisi sote. Mpaka leo sijamwuliza kwa nini.

Sasa mahafali yetu. Yalifanyika Jumapili baada ya misa ya pili, na ilibidi yaishe mapema, kwa kuwa Jumapili kuanzia saa 8 mchana magari binafsi yalikuwa marufuku barabarani, na mzazi mmoja alikuwa na Peugeot. Mmoja tu, lakini ratiba nzima ilipangwa kwa ajili yake, mambo hayo hayakuanza leo. Magauni tulishonewa kwa kitambaa cha marekani, hakuna zipu wala vifungo, mgongoni tulibanwa kwa pini. Viatu vyeupe vilikuwa jozi sita kwa wahitimu 41. Jukwaa lilikuwa meza za bwalo zilizounganishwa zikafunikwa shuka. Unapanda kulia ukiwa peku, nyuma ya pazia unavaa jozi iliyo huru, unavuka, unapokea cheti, unashuka kushoto, unavua, na mtoto wa kidato cha kwanza anazikimbiza jozi zile kwa kuzunguka nyuma ya jiko hadi kulia. Mpango ulikwenda vizuri mpaka herufi M. Mimi navaa namba 7, jozi iliyofika ilikuwa namba 4. Nikaingiza vidole tu, nikatembea kama kuku mwenye uzi mguuni. Mbele kabisa ya mgeni rasmi kiatu cha kushoto kikabaki nyuma. Kuinama siwezi, pini. Nikapokea cheti na kiatu kimoja, nikapiga goti kidogo kama tulivyofundishwa, nikaendelea. Nje ya uzio wazazi walikuwa na mbege, pombe yetu ya ndizi, na kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, baba alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, na kesho yake akarudi kusubiri malipo ya pili.

Wala sisemi watoto wa leo wasile keki. Lakini tukiwa hapo hapo, Mhariri, hebu niambie nani aliruhusu mahafali ya chekechea. Mwezi uliopita niliingizwa kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa, nikatakiwa kuchangia 50,000 kwa mjukuu wa miaka mitano anayehitimu kutoka kuchora nyumba kwenda kuandika a-e-i-o-u. Amevishwa joho. Joho! Kofia ilimfika puani. Kulikuwa na mshereheshaji, matarumbeta, na mpiga picha aliyenipiga nikiwa natafuna, kisha akanidai 3,000 nilipokuwa natoka. Nikimwambia mwanangu kwamba hii ni kodi iliyojificha, ananijibu, "Mama, nyakati zimebadilika." Hizo hizo nyakati ngumu, sivyo?

Mimi nina pendekezo, wala halihitaji kamati. Kila mgeni rasmi wa mahafali ya wasichana mkoani Kilimanjaro apimwe mguu getini, kisha apewe viatu vyeupe vilivyopungua namba tatu. Avuke navyo jukwaa lote, bila kuinama. Akifika upande wa pili na viatu vyote viwili, aruhusiwe kuhutubia dakika saba. Akifika na kimoja, dakika tatu, na asitaje raha. Keki ikatwe kwa uzi, vipande vya vidole viwili.

Na huyo mwandishi wako, naamini ana mama, au shangazi, au bibi aliyesoma miaka ile. Kabla hajarudi kuandika, amfuate jikoni amwulize mche mmoja wa sabuni ulikatwa vipande vingapi. Asubiri jibu, asimkatize, na kalamu aiache mfukoni kwanza.

Mhitimu wa 1984,
Uru, Moshi