Ule waya tuliofunga mimi na wewe

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako ilinifika wiki mbili zilizopita. Nimechelewa kujibu, na kosa ni la lile swali lako la mwisho, ulilolitupia pembeni kabisa ya karatasi: "Na mti wetu, haujambo?" Sikutaka kukujibu kwa kubahatisha. Nikasema nitaingia msituni kwanza nikautazame. Nimeutazama, Somo, na siwezi kukwambia haujambo.

Unakikumbuka kile kibao tulichokitundika mwaka wa kwanza? "Msitu huu ni wetu sote." Kilianguka zamani, na rangi yake ilifutika hata kabla hakijaanguka. Waya ndio uliobaki. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema kaza, kaza, upepo usije ukakiangusha, nami nikakaza kwa koleo mpaka waya ukazama kidogo kwenye gome. Siku ile shina lilikuwa na unene wa mkono wangu. Leo linakaribia paja, isipokuwa pale penye waya, ambapo limebanwa kama mtu mzima aliyevaa mkanda wa utotoni. Juu ya waya limevimba, na ule uvimbe umeufunika waya wenyewe, kiasi kwamba karibu nusu ya mzunguko huioni tena.

Majani yake lakini! Ya kijani, yanang'aa. Nikafurahi. Yule mzee wetu asiyesema mpaka aulizwe (bado yupo, bado haulizwi vya kutosha) akapitisha ukucha kwenye uvimbe akanieleza. Maji hupanda kutoka mizizini kwa kupitia mbao ya ndani, na waya hauyazuii upesi. Lakini chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa njia nyingine, kwenye utando mwembamba ulio chini tu ya gome, na huo ndio tulioukaba. Chakula kikifika kwenye waya kinakwama, ndiyo maana pamevimba. Mizizi inakaa na njaa huku juu kunapendeza. "Umekuja kutazama majani," akaniambia. Basi.

Nimeanza na hili kwa sababu unataka kuanzisha kikundi cha kujitolea huko ulikohamia, na umeniomba nikuandikie namna ya kupanda miti. Mwenzangu, kupanda ndiko kulikotuponza.

Wewe ulikuwepo siku ya kupanda, hukuwepo siku ya kuhesabu. Watu walijaa, kila mtu akitaka picha na mche wake, na miche 120 ikaingia ardhini kabla jua halijafika utosini. Kiangazi kilipopita tulirudi watu wanane na daftari. Iliyokuwa hai ni 23. Tukaanza kuifukua iliyokufa tujue imeuawa na nini, na hapo ndipo aibu ilipotuingia. Kuna iliyozikwa na viriba vyake, plastiki nzima, mizizi imejizungusha humo ndani kama uzi kwenye kijiti kwa kukosa pa kutokea. Kuna iliyofukiwa mpaka kifuani, gome likaoza. Ila iliyo mingi haikuwa na kosa lolote la upandaji. Ilikosa mtu wa kuipalilia. Nyasi ziliipita kwa urefu, na kwenye kugombea maji ya juu juu mche haushindani na nyasi. Mmoja tuliutambua kwa utepe mwekundu, ulikuwa wangu. Nilikuwa na nguvu ya soda kama wenzangu wote.

Baadaye nikasoma kuhusu akina mama wa Green Belt Movement, vuguvugu aliloanzisha Wangari Maathai nchini Kenya mwaka 1977. Walikuwa wakipewa malipo kidogo kwa kila mche, lakini si kwa mche waliopanda: kwa mche uliopona. Watu humtaja kwa mamilioni ya miti na kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2004. Mimi siku hizi namkumbuka kwa neno hilo moja, "uliopona", kwa sababu sharti la namna hiyo linatoka kwa mtu anayejua jinsi miche inavyokufa watu wakishaondoka.

Basi tukapunguza kupanda. Unapakumbuka pale juu ulipokuwa ukipaita upara? Hapakuwa upara. Palikuwa na visiki vilivyokatwa siku nyingi, kila mwaka vinachipua, kila mwaka vinakatwa au vinaliwa na mbuzi, vinabaki vichaka vya kufika gotini ambavyo sisi tulivikanyaga tukienda kuchimba mashimo ya miche yetu! Tanzania njia ya kuvilea visiki vya namna hii mpaka viwe miti tena wanaiita kisiki hai, na jina limejieleza. Aliyeieneza sana ni Mwaustralia mmoja, Tony Rinaudo, aliyekuwa Niger akipanda miche na kuiona ikimfia. Mwaka 1983 alisimamisha gari jangwani ashushe upepo kwenye matairi lisije likazama mchangani, akakitazama kichaka kilichokuwa karibu, na akatambua kuwa si kichaka, ni mti uliokatwa. Msitu aliokuwa akiutafuta ulikuwa chini ya miguu yake, mizizi mizima, inasubiri kuachwa ikue. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu. Angalau yeye alisimamisha gari. Sisi tulipita na majembe begani.

Kazi yenyewe ni hii. Unakikuta kisiki kina machipukizi ishirini, yote yamebanana. Unachagua matatu, manne, labda matano, yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine unayakata. Yale uliyoyaacha unayapunguzia matawi ya pembeni kuanzia chini mpaka nusu ya urefu. Panga liwe kali, na ukate kwa mkono unaopanda, maana ukikata kwa kushuka unachana gome. Halafu unarudi miezi michache baadaye, kwa sababu kisiki hakijakubali uamuzi wako na kimetoa mengine kumi.

Anayetufundisha kuchagua ni mama mmoja ambaye zamani tulikuwa tukimfukuza. Ndiyo, yule yule. Yule tuliyemwita mwizi wa kuni. Siku moja katikati ya makelele yetu alituuliza swali dogo: mti gani humu ndani alioukata yeye ukafa? Tukatazamana. Alikuwa akikata matawi, akiacha shina, tangu sisi hatujajua njia ya kuingilia. Anavijua visiki vyote, kipi kinachipua upesi na kipi hununa. Siku hizi ninaposimama mbele ya machipukizi ishirini na moyo unanisita, anakuja kimya, anashika mawili, anayatikisa, anasema "haya hapana", na anaondoka.

Tulipoacha kumfukuza ndipo tulipoweza kukaa chini na wote wanaookota kuni tukapanga siku za kuokota, sehemu zipi, na nani aangalie. Kanuni walizitunga wao zaidi kuliko sisi, na ni kali kuliko zetu. Kulikuwa na profesa wa Marekani, Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009, aliyetumia miaka mingi kuchunguza mambo ya namna hii: misitu, maji ya mashambani, maeneo ya uvuvi yanayotumiwa na watu wengi. Aliona kwamba mali za pamoja zinazodumu mara nyingi ni zile ambazo watumiaji wenyewe wametunga kanuni na wanaangaliana wenyewe kwa wenyewe. Sisi tulikuwa tumeanza na kibao. Na waya.

Kuhusu lantana, kile kichaka cha kigeni kinachovamia misitu, kwa sababu najua utaikuta na wewe. Maua mazuri, ya manjano na ya waridi, ndiyo maana watu waliitoa Amerika ya kitropiki wakaisambaza kwenye bustani za dunia nzima. Ndege wanakula vile vitunda vyeusi na kupanda mbegu kila wanapotua. Mwaka wa pili nilipata hasira nikaifyeka sehemu nzima kwa siku moja, nikaondoka nikijisifu. Ilirudi imenenepa. Ukiikata unaipogoa tu; lazima ung'oe kile kichwa cha mzizi. Na pale nilipoacha ardhi wazi, mvua ya kwanza ilichukua udongo wa juu, na kwenye lile fundo la matawi nililolichoma nilikuta kiota baada ya moto kuzimika. Sijamwambia mtu hilo la kiota. Nakwambia wewe.

Siku hizi tunafanya kinyume na tamaa ya mkono. Hatuanzi pale ilipojaa. Tunaanza penye afya, penye lantana moja moja kati ya miti ya asili, tunang'oa hizo, tunarudishia majani makavu juu ya udongo, tunasubiri pajifunike, ndipo tunasogea hatua chache kuelekea kwenye ubaya. Njia hii walianza nayo dada wawili wa Sydney, Joan na Eileen Bradley, waliokuwa wakipalilia pori la karibu na kwao kwa mikono. Ni ya polepole mpaka inaudhi. Wageni wakija wanauliza kwa nini tunahangaika na kamche kamoja ilhali kule nyuma kuna ukuta. Waache waulize.

Jiandae pia na mtu wa fagio. Kila kikundi kinaye. Atataka kuyazoa majani, kukipasua kigogo kilicholala, kuukata mti mkavu kwa sababu "unaharibu sura". Kama mti mkavu hauegemei njia wanapopita watu, mwachie kigogota na uyoga. Wa kwetu tulimpa kazi ya njia: aifagie, aitengeneze, azibe njia za mkato kwa matawi, kwa sababu udongo unaokanyagwa kila siku hushindiliwa na mizizi ikakosa hewa. Sasa ana furaha, na njia yetu ni safi kuliko sebule yangu.

Watu? Watu ni wachache, sitakudanganya. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tunampa siku ya kwanza, panga ndilo tunalichelewesha. Wanaorudi mara ya tatu huwa ni wale waliopewa kitu kidogo kilicho chao, visiki vitano, au kipande cha ukingo kutoka jiwe hili mpaka lile. Wanaopewa "msitu" huwaoni tena. Mimi mwenyewe kuna asubuhi ninazoamka sitaki, na kinachonitoa kitandani si upendo wa mazingira, ni kwamba visiki vyangu vitamwaibisha mtu fulani mbele ya yule mama.

Sasa turudi kwenye mti. Nilitaka kuuvuta ule waya wote utoke kabisa. Mzee akanishika mkono. Ukivuta uliomezwa, akasema, unang'oa na nyama hai, unamalizia kazi ya waya. Kata panapoonekana, toa kinachotoka chenyewe, kilichomezwa kiache kibaki humo. Nikatia koleo. Ulipokatika ulilia tii, ukaruka kidogo, kama kitu kilichokuwa kimeshikilia pumzi. Nimekata mahali patatu. Upande mmoja umebaki ndani ya mti na hautatoka tena. Mzee hakusema utapona wala hautapona; alisema tutajua mvua mbili zijazo, tukiangalia kama pale palipobanwa panajaza.

Kipande kimoja nimekutilia humu ndani ya bahasha, usishtuke ukikigusa, kina kutu kidogo. Usikinyooshe. Kizungushe mkononi mwako uone kinavyokaa: huo ndio unene wa ule mti siku uliyokuwa ukiniambia nikaze.

Somo yako,
wa msituni

Nyongeza: Ukija, njoo na buti. Visiki vitano vya kwanza, vile vilivyo karibu na jiwe, nimevipalilia lakini sijampa mtu.