Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Mipango ya Usafiri Kuhusu Tozo za Barabara

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia hadharani, kwa kuwa barua zangu za awali hazikujibiwa, na kwa kuwa juzi lori lililokuwa likikwepa tozo limebomoa ukuta wa jirani yangu, kwenye barabara ambayo kwa mujibu wa ripoti yako haina malori.

Ripoti hiyo nimeisoma pamoja na viambatisho vyake, maana kutengeneza modeli za usafiri, yaani programu za kompyuta zinazokadiria madereva watapita njia zipi, ndiyo kazi inayonilisha. Kwenye barabara yetu kuu dereva huchukua tiketi anapoingia na hulipa anapotoka, na bei hutegemea ameingilia mlango gani na ametokea upi. Wataalamu wako wameigawa bei hiyo kwa kilomita na kuibandika kwenye kila kipande cha barabara, kana kwamba ukijumlisha vipande utapata kinachodaiwa dirishani. Hupati. Safari fupi ina kima chake cha chini, kikubwa kuliko hesabu ya kilomita, na nadhani ndiyo sababu madereva wanaishia kwetu ilhali programu inawaonyesha wametulia kwenye barabara kuu. Dawa yake si ngeni: jedwali la bei za kila jozi ya milango liingizwe kama lilivyo, na programu ihesabu gharama kutoka mlango hadi mlango.

Isitoshe, mmetumia thamani moja ya muda, yaani fedha ambazo dereva yuko tayari kulipa ili aokoe dakika moja, kwa watu wote. Programu hugeuza tozo kuwa dakika kwa kuigawanya kwa thamani hiyo. Kwa hiyo mwenye gari la ofisi, ambaye tozo hailipi yeye, na mwenye lori anayehesabu kila tone la mafuta, wanachagua njia kwa akili moja. Hongereni kwa usawa huo. Sisi tunaulipia kwa nyufa ukutani, vumbi kwenye vyombo na usiku usio na usingizi.

Sasa nasikia modeli hiyohiyo itapima tozo ya katikati ya mji. Naomba nikumbushe kwamba London, tangu 2003, mwenye gari hulipa mara moja kwa siku hata akizunguka mara ngapi, ilhali Stockholm hutoza kila anapovuka mpaka wa eneo, hadi kikomo cha siku. Ukiziandika tozo hizo mbili kwa namna moja, anayetoka mchana na kurudi atatozwa kwenye kompyuta fedha ambazo hatadaiwa barabarani, na mapato yatanona kwenye karatasi tu. Handaki la kulipia la Cross City la Sydney lilifunguliwa 2005 kwa makadirio manono. Magari hayakufika, na kabla ya 2006 kwisha kampuni yake ilikuwa mikononi mwa wafilisi.

Uliahidi mbele yetu kwamba modeli ingepitiwa upya kabla ya viwango vipya kutangazwa. Viwango vimetangazwa. Siombi fidia wala matuta; naomba jedwali la tozo mliloliingiza kwenye modeli lichapishwe, pamoja na thamani ya muda mliyotumia. Lichapishwe, Mheshimiwa, kabla viwango hivyo havijaanza kutumika.

Wako mtiifu,
Mkazi wa barabara ya pembeni