Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: tuache kuwaita wagonjwa "washukiwa"

Wanachama wenzangu habari zenu na poleni na majukumu. Mambo ya hela mhazini atayaeleza siku ya mkutano, mi niseme tu ada zimekuja kwa kusuasua ila wengi mmelipa, asanteni sana. Nataka niongelee kazi yenyewe ya kuwatambua wagonjwa wa kipindupindu mapema huku mitaani.

Masika ilivyoanza mjumbe wa shina mmoja wa Tandale alinipigia alfajiri, kuna kijana kwenye nyumba ya kupanga kaharisha usiku kucha. Nafika mkewe ananiambia mama ni tumbo tu, alikula chipsi za jana. Naangalia ndoo pembeni ya kitanda, kumejaa maji meupe kama ya kuoshea mchele, kijana macho yamezama, nikamfinya ngozi ya tumbo nikaachia, mkunjo ukabaki umesimama, dalili kwamba kaishiwa maji mwilini. Nikasema huyu ni mshukiwa wa kipindupindu tumuwahishe. Yule dada akashtuka, "mshukiwa? Kwani mume wangu kafanya nini?" akanifungia mlango! Karibu saa nzima ikapotea mpaka mama mwenye nyumba alipokuja kumbembeleza ndo tukampakia kwenye bajaji. Alipona namshukuru Mungu, lakini kipindupindu kikali kinaua ndani ya masaa, hiyo saa moja bado inaniuma mpaka leo.

Hilo neno ni la polisi jamani, mtu akilisikia anawaza pingu. Naomba kuanzia sasa tuseme "mgonjwa anayehisiwa", na tumueleze kabisa kwamba kumhisi ni ili apate maji na dawa haraka, hakuna kosa alilofanya.

Alafu vigezo vya kusema mtu anahisiwa, maana bado tunachanganya. Mlipuko ukiwa haujatangazwa, anayehisiwa ni mtu wa miaka 2 na kuendelea anayeharisha majimaji ghafla na kaishiwa maji sana mwilini, au kafariki kwa kuharisha hivo. Mlipuko ukishatangazwa ni yeyote anayeharisha majimaji, hata mtoto mchanga, hata kama bado anatembea. Kuharisha tunakokusema ni mara 3 au zaidi ndani ya masaa 24. Mwanachama mwenzetu aliambiwa kwenye kituo kimoja eti asilete jina la mgonjwa mpaka maabara ijibu, hapana, maabara inathibitisha tu ila kuhesabu na kutibu kunaanza kwa kuhisi. Waliokuwepo Dar Agosti 2015 wanakumbuka mlipuko ulivyoanzia hapa ukaenda mikoa mingi, tukisubiri majibu ya kila mtu ugonjwa unatutangulia.

Kwenye daftari la wagonjwa msisahau siku aliyoanza kuharisha, wengi mnaandika siku mliyomkuta. Dalili zinatokea kuanzia masaa machache mpaka siku 5 baada ya kumeza vimelea, kwahiyo tunarudi nyuma siku 5 kuuliza alikunywa maji ya wapi, kisima gani, alikula msibani au wapi, na bila tarehe hatuwezi.

ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ikiwa haipo msikae tu, lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, anywe kidogo kidogo mkiwa njiani. Namba ya bure ya kupiga simu Wizara ya Afya ni 199. Wenye madaftari ya masika wayalete siku ya mkutano, tutayapitia pamoja jina kwa jina.